Aliyelala Kando ya Maiti

Mwongozaji alipopiga kelele "Kata!", Maiti alifumbua macho, akaweka kiganja sakafuni ili ajiinue, na hapo ndipo alipohisi joto.

Alikuwa amelala juu ya vigae tangu asubuhi, shingo imepakwa damu ya bandia, baridi imemwingia mpaka kwenye mifupa. Lakini upande wake wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu, vigae vilikuwa na joto kama kitanda kilichoachwa sasa hivi. Alipapasa. Joto lilikuwa na umbo la mtu: bega, kiuno, miguu iliyonyooshwa sambamba na yake.

"Unatafuta nini, Maiti?" aliuliza mpambaji, aliyekuja kumfuta damu.

"Nani alikuwa amelala hapa?"

"Wewe." Mpambaji akacheka. "Au umeshaanza kunogewa na kufa?"

Wote walimwita Maiti tangu siku ya kwanza, na yeye hakuona ubaya. Umri ulikuwa umeshavuka arobaini, na kwa miaka mingi kazi yake katika filamu ilikuwa kupita nyuma ya nyota: mgonjwa kwenye foleni, mgeni wa harusi, mama mwenye kikapu. Katika filamu hii ya mauaji alipata nafasi mbele ya kamera kwa mara ya kwanza, sharti tu asipumue. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na kaka mmoja, ambaye humpigia simu pale simu inapojibonyeza yenyewe mfukoni.

Nyumba waliyokodi ilikuwa imekaa tupu muda mrefu. Kuta zilipigwa chokaa kwa ajili ya kazi, na harufu yake mbichi ilikaba koo. Siku hiyo walipiga tukio la mama kuikuta maiti ya binti yake. Mama huyo aliigizwa na mwigizaji mzee ambaye nchi nzima ilimwita Mama Machozi, kwa sababu alikuwa akilia kwa kuombwa kama mwingine anavyofungua bomba. Lakini safari hii aliacha maneno ya kwenye karatasi. Alipiga magoti, akaushika mkono wa maiti, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, amka. Chai inapoa." Halafu akalia, na mpiga picha akalazimika kufuta macho yake mwenyewe.

Maiti alisikiliza, macho yamefumbwa. Hakuna mtu aliyewahi kumlilia hivyo. Hata kama ni uongo, alitamani wasikate.

Jioni alirudi kwenye chumba chake akakuta kinanuka chokaa, ingawa kuta zake zilikuwa za rangi ya mafuta. Alifungua dirisha, akalala mapema. Kulipoanza kupambazuka, sauti ikatoka kwenye kona ya jiko.

"Amka. Chai inapoa."

Aibu aliyoibeba baadaye ni kwamba alifurahi kwanza. Alishaweka mguu mmoja chini kabla ya kukumbuka kwamba anaishi peke yake.

Jikoni hapakuwa na chai wala mtu. Aliporudi, upande wa ukutani wa godoro lake ulikuwa umebonyea, na una joto.

Tangu siku hiyo hakuwa peke yake. Akiosha vyombo, kitu kilisimama nyuma yake kikinusa. Akila, kiti cha pili kililia kama kinapokaliwa na mtu. Halafu likaja lile la kulala chini. Mchana mmoja alikuwa akifagia, na mara akajikuta kifudifudi sakafuni, shavu kwenye saruji, ufagio mbali naye, na jua ambalo lilikuwa mlangoni sasa likiwa limepanda ukutani. Na kando yake kulikuwa na pumzi, ya polepole, ya kusubiri, pumzi ya mtu aliyejilaza vizuri akitega sikio kuusikiza mlango, na kila alipojaribu kujiinua joto lile lilimkumbatia kiunoni na kumlaza tena kwa upole, kama mtoto anavyomzuia mama yake asiondoke kitandani, na yeye, jambo lililomtisha kuliko yote, akaona si vibaya kubaki.

Filamu ilipotoka, ilivuma kuliko walivyotarajia. Foleni za ukumbi wa sinema zilizunguka kona. Magazeti yaliisifu, redio zikaijadili, na mjadala wote ulikuwa juu ya jambo moja: kidole. Mama anapolia, kidole cha maiti kinajikunja taratibu na kuushika mkono wake. Je, binti alikuwa bado hai? Je, muuaji aliyefungwa hakuwa ameua, ila mama ndiye aliyechelewa kuita msaada? Wachambuzi walisema hawajawahi kuona ujanja wa namna hiyo.

Maiti aliona kidole hicho kwa mara ya kwanza pale ukumbini, miongoni mwa watu walioshika midomo yao. Alikitazama kidole chake mapajani. Hakuwa amekisogeza. Hilo alikuwa na uhakika nalo kama alivyo na uhakika na jina alilopewa na mama yake.

Alimfuata mwongozaji nje, katikati ya watu waliokuwa wakimkumbatia.

"Kile kidole si mimi."

"Usiwe na wasiwasi, dada yangu," mwongozaji alimwambia, akitabasamu kwa kamera ya mtu mwingine. "Kosa lako limezidi maandishi yangu yote."

Filamu ilipata tuzo. Walipanda jukwaani wote, mpaka dereva wa gari la mitambo. Maiti alitazama kwenye simu, amelala sakafuni, na hakuweza tena kuinuka.

Aliyemkuta ni Mama Machozi. Aligonga, akasukuma mlango, akasita kizingitini akinusa.

"Chokaa," alisema. Kisha akaona mwanamke aliyekonda, midomo imepasuka kwa kiu, macho yakitazama dari. Akamnywesha maji kwa kijiko. "Pole, mwanangu. Nilipaswa kuja mapema. Siku ile mkono nilioupokea ulikuwa wa baridi. Ulionibana ulikuwa wa moto. Nikajiambia ni uzee."

"Yupo hapa," Maiti alinong'ona. "Anakusikiliza."

Mama Machozi akatazama nafasi tupu kando yake, wala hakurudi nyuma.

Walimpata mganga ambaye kazi yake nyingine ilikuwa kutengeneza majokofu. Alikuja na mafua, akipenga kila mara, akataka wote waende kwenye ile nyumba ya filamu, Maiti akiwa amebebwa. Ilikuwa alasiri. Mganga alifukiza, akakaa chini, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Ni jini wa humu," alisema. "Alikaa peke yake mpaka akajisahau. Siku moja watu wakaja, mtu akajilaza karibu naye, mama akalia. Akadhani yeye ndiye aliyeliliwa. Sasa anamlaza huyu dada kila siku ili mama arudi kulia."

"Tufanye nini?" aliuliza Mama Machozi.

"Rahisi. Mwambie ulikuwa unaigiza. Jini akijua amedanganywa, aibu humwondoa."

Maiti, ameegemea ukuta, alisikia ile pumzi ikisimama, kama nayo inangoja jibu.

"Siwezi," alisema yule mzee.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sikuigiza. Binti yangu alifariki nikiwa mbali, kwenye kazi. Nilipofika walishamzika, wageni wameshaondoka. Nimewalilia watoto wa kwenye filamu maisha yangu yote. Wangu nilimlilia siku ile, hapa."

Mganga aliinuka upesi. "Basi toka nje, mama. Usiseme neno jingine, nakuomba!"

Lakini Mama Machozi alikuwa ameshapiga magoti. Alinyoosha mkono juu ya vigae. "Njoo, mwanangu," alisema. "Twende nyumbani."

Maiti alihisi uzito ukimtoka ubavuni, kama blanketi linalovutwa. Akaona vidole vya yule mzee vikikunjwa na kitu kisichoonekana, na mzee mwenyewe akisimama polepole, ameinama kidogo, kama anayemsaidia mgonjwa kuinuka. Walitoka hivyo. Mganga aliwapisha mlangoni, amegandamana na ukuta.

"Wewe umepona," alimwambia Maiti. "Yule sijui."

Ni kweli, alipona. Alirudi kula, akapata kazi katika filamu nyingine, safari hii ya kusema maneno. Chumba chake kilinuka sabuni na mafuta ya taa, na ukimya wake ulikuwa ukimya mtupu. Baada ya wiki kadhaa akachukua matunda, akaenda kumsalimia Mama Machozi, ambaye alikuwa amekataa kazi zote na hakupokea tena simu.

Mlango ulifunguka kidogo. Mama Machozi alikuwa amekonda, lakini uso uling'aa kama wa mzazi mpya. Nyuma yake mapazia yalikuwa yamefungwa, na joto zito lilitoka ndani likampiga Maiti usoni.

"Sauti ndogo, mwanangu. Amelala."

"Mama, nimekuja kukuona. Niingie kidogo tu?"

"Hapendi wageni." Alipokea matunda kwa mikono yote miwili, akayapakata kifuani. "Asante. Siku nyingine."

Mikono yote miwili ilikuwa bado imeyakumbatia matunda wakati mlango ulipojifunga, taratibu, bila kelele, na komeo likasukumwa kwa ndani.

Maiti alisimama kwenye ngazi. Alijua anapaswa kukimbia kumwita mganga, na alimwita, kesho yake, lakini mganga alikataa kuja. Jioni ile hakukimbia. Alitembea pole pole, akafika chumbani kwake, akafungua kufuli, akakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Aliweka kiganja upande wa ukutani. Palikuwa baridi. Alikiacha pale mpaka giza likaingia, na hakuna aliyemuuliza alikotoka.