Kibao cha Ijumaa

Kila wiki, katika shule moja ya Kiamunyi, kibao chenye kamba kilizunguka shingoni mwa wanafunzi. Kiliandikwa: NIMEONGEA KIKWETU. Ukitaka kukivua, umnase mwenzako akiongea lugha ya nyumbani, umvishe. Aliyebaki nacho Ijumaa aliosha vyoo. Eti nidhamu!

Ijumaa hiyo alikuwa nacho Cheptanui wa gredi ya sita. Kosa lake? Kumbembeleza kwa Kikalenjin mdogo wake Kigen, wa chekechea, aliyekuwa amechubuka goti.

"Kwani hiyo ni lugha?" alicheka Kimberly, kiranja aliyemvisha. "Haina sarufi. Ni kelele tu!"

Cheptanui alichemka kwa hasira, lakini hasira haivui kibao. Akamwona Kipkoech, mwanafunzi mgeni kutoka Salgaa, amekaa peke yake.

"Chamgei!" akamsalimu kwa Kikalenjin.

Kipkoech alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje. "Chamgei mising!"

Cheptanui akamvisha kibao. Tabasamu likayeyuka, naye Cheptanui akaona aibu. Alimvua upesi, akakimbilia nacho kwa Mwalimu Wangeci.

"Mwalimu, nimemtega Kipkoech. Vyoo nitaosha mimi. Lakini ni kweli lugha yetu haina sarufi?"

"Nani kasema upuzi huo?" Mwalimu aling'aka. Alikuwa amesomea isimu, sayansi ya lugha, chuo kikuu. "Mdogo wako Kigen amewahi kusema nini kwa lugha yenu kikakuchekesha?"

"Kwamba mwezi umechoka kutufuata, tuubebe."

"Alifundishwa na nani sentensi hiyo?"

"Hakuna."

"Basi! Kichwani ana kanuni chache zinazozaa sentensi zisizo na mwisho. Wataalamu huziita sarufi zalishi. Kila lugha ya binadamu ina kanuni zake, hata yenu, hata Kikuyu changu. Lete hicho kibao."

Jioni, Mwalimu Wangeci alisimama gwarideni, kibao shingoni mwake.

"Asubuhi nimeongea Kikuyu na mama yangu. Nipeni ufagio nikaoshe vyoo!"

Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa, kisha akamvua kibao kwa mkono wake. "Hiki kimekwisha leo," akasema.

"Kiingereza na Kiswahili mtajifunza," Mwalimu Wangeci akamalizia. "Lakini kudharau lugha ya mwenzako ni ujinga. Na kumtega mwenzako ili ujinasue wewe, huo ni ubaya."

Cheptanui alimfuata Kipkoech langoni. "Nisamehe," akasema. "Chamgei."

Kipkoech alimtazama shingoni kwanza. Hapakuwa na kitu. Ndipo akaitikia.