Presha ya Nyumba ya Chumba Kimoja

"Tonny, sikuulizi kwa ubaya. Nipe tu shuka za bwana yangu nikazifue."

Tonny alikuwa kwa kinyozi chake pale mtaa wa Kisumu Ndogo, mashine mkononi, mteja kichwa nusu kimenyolewa. Akaangalia viatu vyake.

"Shuka gani, shemeji?"

"Za Wekulo. Si analala kwako tangu mama aje?"

"Alilala hapa mwanzo mwanzo. Halafu sista yangu akakuja na watoto, tukajaa. Akasema atajipanga."

"Atajipanga wapi?"

"Shemeji, usiniwekee presha. Muulize mwenyewe."

Nelima alifunga leso yake vizuri akageuza njia ya kurudi Soweto West, mguu mmoja ukiuvuta mwenzake. Uchovu wake haukuwa wa mguu. Ulikuwa ule unaoamka nao asubuhi, ukavaa nao nguo.

Mama yake, Nabwire, aliletwa kutoka Bungoma akiwa na ugonjwa wa presha, macho yanaona giza, kichwa kinagonga. Nelima na Wekulo walikuwa na chumba kimoja na pazia katikati. Mtoto wao Timo alikuwa shule ya bweni. Na kwao Wabukusu jambo hili halina mjadala: mkwe na mama mkwe hawalali chini ya bati moja. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Siku ile mama alipofika, Wekulo alichukua blanketi akatoka bila neno. Alisema atakuwa kwa rafiki yake Tonny mpaka mama amalize kliniki. Tangu hapo hajakanyaga mlangoni. Pesa za chakula cha nyumbani alikuwa akituma kwa simu, na salamu mbili tatu.

Akiwa njiani Nelima aliandika ujumbe: "Umelala wapi jana?"

Jibu likaja haraka: "Kwa Tonny. Presha ya kazi imezidi, tutaongea."

Akausoma, akaufunga, akaufungua tena.

Kazi yake Nelima ilikuwa kuuza maji. Alikuta mitungi imepangwa kwa foleni na mama yake ameketi kando ya mfereji wa bomba kwenye kigoda.

"Mama Timo, maji yanatoka kama machozi," mteja mmoja alisema. "Leo hakuna presha?"

"Ngojeni. Itakuja."

Nabwire akageuza shingo. "Na maji nayo yana presha?"

"Yana, mama. Ikikosekana hayatoki."

"Mimi nayo ikizidi naanguka. Hawa wanaomba ikuje, mimi naomba ishuke. Kwa redio jana wamesema timu imecheza na presha. Pasta naye Jumapili, tusikubali presha ya dunia. Na huyo bwanako kazi yake si ni kujaza tairi presha? Wazungu waliishiwa na maneno?"

Nelima alitaka kucheka, kicheko kikakataa. "Ni neno moja, mama. Kila mtu analipeleka kwa kazi yake."

"Basi ni kama mimi. Hapa mama, pale shangazi, kule mama mkwe. Mwili ni huu huu mmoja, nao umechoka."

Jioni ile Amondi, jirani yake anayeuza dagaa za omena, alikuja na beseni kichwani. Akalitua, akamvuta Nelima pembeni.

"Nyar Bungoma," alimwita kwa Kiluo, binti wa Bungoma, "mimi si mtu wa maneno."

"Ukianza hivyo najua yako mengi."

"Nimetoka Kawangware. Nimeona bwanako anabeba godoro. Mwanamke ameshika upande ule mwingine."

"Mwanamke gani?"

"Mwenye mikono miwili. Sikumuuliza kitambulisho."

Nelima alisimama tu. Mtungi uliokuwa chini ya mfereji ulijaa, ukamwagika, hakuna aliyefunga maji.

Asubuhi akamwachia Amondi mfereji. Akapanda kwa njia ya mtaa wa Olympic, akavuka barabara ya Ngong, akaendelea kwa mguu hadi Kawangware, kwenye kibanda cha tairi cha Wekulo. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, na kila alipoyapanga yaligeuka kuwa swali moja tu: kama nyumba yake bado ni nyumba.

Wekulo alikuwa amechuchumaa mbele ya karai la maji, ametumbukiza mpira wa tairi, anaangalia mapovu yatokee wapi. Nyuma yake, kati ya mlima wa tairi kuukuu, kulikuwa na godoro limekunjwa.

"Mama Timo? Kuna nini? Mama amezidiwa?"

"Mama ako sawa. Mwanamke ni nani?"

"Mwanamke gani?"

"Wa godoro."

Wekulo akafuta mikono kwenye suruali. Kidole chake kikaelekea kibanda cha pili. "Ni Daisy wa chapati. Alinisaidia kulitoa barabarani, lilikuwa linaburuta."

Daisy, mwanamke mnene mwenye unga hadi kwenye viwiko, aliinua kifimbo cha kusukumia.

"Madam, ni wako huyo? Mchukue. Anakoroma mpaka mlinzi wa soko analalamika."

Watu wa kibanda wakacheka. Nelima hakucheka. Alikaa juu ya tairi la lori.

"Mbona ulinidanganya ni kwa Tonny?"

"Ungejua nalala kwa tairi, ungemrudisha mama yako akiwa mgonjwa. Sikutaka hilo likae kwa jina langu."

"Hiyo ndiyo yote?"

Compressor, ile mashine ya upepo, ilikuwa inanguruma, Wekulo akaenda akaizima.

"Hiyo ilikuwa mwanzo. Nilipotoka kwa Tonny, siku za kwanza nililala hapa kwa heshima. Hizi zingine, sitakuficha, nimelala kwa kuchoka. Hapa hakuna mtu ananiuliza kitu. Nafunga kazi, nakula chapati, nalala. Nikaona inanifaa."

Maneno hayo yaliingia pale ambapo mwanamke wa godoro hakufika.

"Afadhali ungekuwa na mwanamke," Nelima alisema polepole. "Huyo ningemtafutia jina. Na mimi, Wekulo? Mimi nalala wapi? Nikichoka mimi, kuna tairi mahali umeniwekea?"

Wekulo akachukua spana, akairudisha pale ilipokuwa.

"Mama anamaliza kliniki lini?"

"Kliniki walimaliza naye kitambo. Walimpa dawa za kumeza, wakasema arudi nyumbani apumzike."

"Kitambo? Sasa mbona hajaenda?"

"Nimfukuze? Mama yangu mzazi?"

"Mimi nilijua bado anatibiwa. Nilisema akitoka ndiyo naingia."

Wakatazamana. Nelima akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya juu. Wekulo akageuza mgongo, kana kwamba mama mkwe angeweza kumwona kupitia simu.

"Mama, unataka kurudi nyumbani?"

"Nimetaka tangu waliponipa dawa. Kuku wangu wanalindwa na nani?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mwenye nyumba hajaniaga. Mama mkwe hatoki kwa mkwe wake kimya kimya kama aliyeiba kijiko. Kule nyumbani watasema nini? Watasema nimefukuzwa, na wewe jina lako litakuwa limeharibika. Atakuja anipe mkono wa kwaheri kupitia kwako, ndiyo nitoke. Namngoja. Na nikingoja presha inapanda."

"Mama, yeye naye anakungoja utoke ndiyo aingie."

Ndani ya simu alisikika Amondi akigombana na mtu wa foleni.

"Wewe," Nabwire alisema mwishowe. "Basi tumesimama mlangoni wote wawili, kila mtu anampisha mwenzake. Na wewe ndiye umebanwa katikati."

Simu ikakatika. Wekulo alikuwa ameketi chini kabisa, magoti juu, mikono kichwani.

"Nilidhani ni heshima," alisema.

"Ilikuwa heshima. Halafu ukaigeuza kitanda." Nelima akasimama. "Njoo umuage. Ukimaliza utachagua, kwangu ama kwa tairi zako. Mimi sitakuja tena huku kukutafuta."

Kesho yake alasiri, Wekulo alikuja Soweto West na shati la kanisa. Kwapani alikuwa na blanketi jipya, na mkononi mfuko wa sukari na majani ya chai. Alisimama nje ya mlango, mgongo kwa nyumba, akiangalia ukuta wa jirani. Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Nelima akawa mlangoni, katikati yao, kama kawaida yake.

"Mwambie mama nimekuja kumsindikiza," Wekulo alisema.

"Amesikia," Nelima akajibu.

"Nimesikia, lakini niambie," Nabwire akasema kutoka ndani. "Ndivyo inavyofanywa."

"Mama, anasema amekuja kukusindikiza." Nelima akalipitisha blanketi ndani.

"Mwambie nimeshukuru. Nimekula kwake, nimetibiwa kwake. Mwambie blanketi nimelipokea, ni zito, litanifaa."

Nelima akayapeleka maneno nje.

"Mwambie tena. Nyumba ya chumba kimoja haina kona ya kukasirikia. Kwa hivyo mtu akichoka aseme, asihame. Na mwambie binti yangu pia anachoka. Nimekaa hapa nikamwona. Anauza maji, ananipimia dawa, anapika, usiku anageuka geuka. Hakuna siku amesema."

Nelima alifungua mdomo ayapeleke maneno hayo, akajiegemeza mlangoni. Wekulo alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mwambie nimesikia," alisema. "Mwambie nilimwacha peke yake. Mwambie naomba msamaha kwa binti yake."

Pazia likatikisika.

"Hilo usilipitishie kwangu," Nabwire alisema. "Hapo kati yenu hakuna pazia."

Wakamsindikiza hadi barabarani, Wekulo mbele na mzigo, bila kugeuka hata mara moja, na mama nyuma na binti yake, taratibu. Gari la Bungoma lilipoondoka, walirudi wawili. Mlangoni Wekulo alisimama.

"Niingie?"

"Si ni nyumba yako."

"Sijauliza ni ya nani."

Nelima akamtazama. Alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga barabara nzima ya Kawangware, na sasa hakuwa na nguvu ya kuyabeba.

"Wekulo, bado nimekasirika."

"Najua."

"Na itachukua muda. Tairi halitolewi upepo wote mara moja. Wewe ndiye fundi."

"Najua. Samahani, Nelima." Alikuwa hajamwita jina hilo tangu Timothy azaliwe. "Naomba unisamehe. Na leo, lala. Mfereji nitakaa nao mimi."

Akavua shati la kanisa, akalitundika kwenye msumari wake wa zamani, akatoka na fulana.

Nelima alijilaza akiwa na nguo zake. Kupitia bati alisikia mitungi ikigongana na foleni ikianza kunung'unika.

"Fundi, leo kuna presha?"

"Iko kidogo. Subirini."

"Mama Timo ako wapi? Yeye hutupea haraka."

"Amelala," Wekulo alijibu. "Na punguzeni sauti, amechoka."

Nelima akavuta shuka hadi shingoni. Foleni ikanyamaza, maji yakaendelea kutiririka membamba, naye akashikwa na usingizi jua likiwa bado juu.