Viza ya Gitari

Zipu ya Lenah ilikatika siku ya soko, katikati ya Embu, watu wakipigana vikumbo na magunia ya viazi, na fundi wa karibu alikuwa Gitari. Lenah aliingia kibandani kinyumenyume, ameshika mgongo wa gauni lake jeupe la kazi, viatu vimejaa matope.

"Fundi, niokoe. Saa mbili niwe wodini."

"Simama wima. Na usicheke, nina sindano."

"Ninyi Waembu! Mnaamrisha mtu hata salamu bado."

"Muga," Gitari akasema, kwa Kimeru kilichopinda vibaya, na Lenah akacheka hadi uzi ukakatika.

Lenah alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Kianjai, kwa Wameru. Gitari alishona sare za shule na kumtunza baba yake, Mzee Njura, aliyepooza upande wa kushoto. Hakuwa na ndugu. Kila asubuhi alimwosha mzee, akamvisha, akamlisha uji, ndipo akafungua kibanda. Lenah alipoanza kuja nyumbani Jumapili, amevaa gauni la manjano la kanisani, mzee alidai ashonewe shati jipya.

Mwaka wa pili Lenah akapata kazi Kanada, mji wa Regina, mji mkuu wa mkoa wa Saskatchewan. Mkataba wa miaka mitatu.

"Nenda, Daktari wangu," Gitari alimwambia. Alimwita hivyo kumchokoza. "Nitakufuata."

Aliomba viza, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Hakumwambia. Badala yake, wateja wakipungua mchana, alisoma kwenye simu kila kitu kuhusu mji ule, na Lenah akipiga, alikuwa na la kusema.

"Unajua zamani hapo paliitwa Rundo la Mifupa? Mifupa ya nyati wa huko ilirundikwa kando ya kijito, hata kabla ya reli kufika."

"Kumbe."

"Na miti haikuwepo. Karibu kila mti unaouona, mtu aliupanda. Hata hilo ziwa, watu waliokosa kazi walilichimba kwa sepetu, tena kwenye baridi. Fikiria! Nyika tupu, hakuna mlima, hakuna mto wa maana, halafu wakasema mji mkuu ukae hapo. Na ukakaa!"

Gitari alisikia upepo ukivuma upande wa Lenah.

"Gitari, hiyo miti saa hii haina jani hata moja. Naenda kazini na giza, narudi na giza. Nikiangalia mbele, hakuna kitu cha kusimamisha macho. Mimi nimezoea mlima. Na wewe unanisomea historia! Viza imefika wapi?"

"Inakuja, mpenzi."

"Ulisema hivyo mwezi wa nne. Kama umepata mwingine, sema tu nijue."

Simu ikakatika. Wiki tatu Lenah hakupokea. Gitari alikaa kwenye cherehani akishona kola za bluu, na kile kibanda alichokijenga kwa mikono yake kikawa kama selo. Hakuweza kutoka, na hakuweza kumwambia mtu kwamba hakuweza. Siku ya ishirini na mbili akafunga mlango mchana kweupe, akarekodi sauti yake.

"Lenah, nilinyimwa mara mbili. Na ile ya pili, nilishukuru. Nilikaa hapa hapa nikashukuru Mungu, kwa sababu Baba ningemwambia nini? Halafu nikaona aibu. Ndiyo maana nikawa nakuambia mambo ya ziwa."

Lenah alipiga siku tatu baadaye.

"Nilidhani una mwanamke."

"Nina mzee wa kilo tisini."

Alicheka, kisha akalia. "Hata mimi nimekuficha. Nimesaini miaka miwili zaidi. Wadogo zangu wako shule, nyumba ninayomjengea Mama kuta zake hazijafika hata lenta. Kila mtu Kianjai ananiangalia mimi. Siwezi kurudi, Gitari, na huku sipapendi."

"Basi wote tumefungwa."

"Wewe huko, mimi huku."

Gitari alitazama nguo zilizoning'inia. Hakuona njia, na kwa mara ya kwanza hakutafuta maneno ya kulificha hilo.

"Nioe hivyo hivyo," Lenah akasema.

"Mimi ndiye niliyepaswa kusema hivyo!"

"Ulikuwa na mwaka mzima. Ukasoma historia."

Lenah alikuja Agosti, likizo ya wiki tatu. Walifunga ndoa kanisani Kianjai, Lenah ndani ya gauni ambalo Gitari alilishona mwenyewe kwa vipimo alivyotumiwa kwa simu. Lilimbana kidogo kiunoni, naye akakataa katakata lirekebishwe. Walikaa pamoja Embu siku tisa. Siku ya kumi akaondoka, na Gitari hakumsindikiza hadi uwanja wa ndege, kwa kuwa mzee asingeweza kubaki peke yake. Waliagana langoni, Lenah amemshika ukosi hadi dereva akapiga honi.

Gitari akarudi ndani. Mzee Njura alikuwa macho.

"Ameenda?"

"Ameenda, Baba."

"Nani?" mzee akauliza, ingawa alijua, mdomo wake uliopinda ukijaribu kutabasamu.

"Mke wangu," Gitari akasema, akaanza kumwekea mto vizuri.

Mzee akanyoosha mkono wake wa kulia, ule mzima, akamvuta aketi kitandani.

"Sema tena," akamwambia.