Kidole Kwenye Kitufe

ASUBUHI

"Rudia," Kipara alisema. "Polepole, kama unamweleza mtoto."

Chumba kilinuka mpira ulioungua. Upande wa mbele mziba pancha aligonga ringi bila kupumzika, na ndiyo maana Kipara alikipenda chumba kile. Siri haitoki mahali penye kelele.

Fundi alianza upya. "Mlango wa chumba cha dhahabu unatawaliwa na kompyuta ya Linux. Ikiwaka, inapakia programu, programu inafunga komeo na kulinda chumba kwa king'ora. Lakini kabla ya hapo inaleta menyu. Inasubiri sekunde chache tu. Hapo nabonyeza kitufe, nahariri mstari wa kuwashia, naiambia isipakie chochote, inipe skrini tupu ya kuandikia amri. Haitaniuliza hata nywila. Aliyeitengeneza alikuwa mvivu."

"Halafu?"

"Nafungua komeo kwa amri yangu. Ila komeo na mlango vina springi. Lazima nishikilie kitufe, nikiachia vinajifunga. Na mabadiliko yale ni ya mara moja. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa tena, inarudi ilivyokuwa."

"Inarudi ilivyokuwa," Kipara alirudia, akajikuna kidevu.

Shemeji alicheka peke yake. "Si niliwaambia? Shemeji yangu huyu kichwa!"

Wazo lote lilikuwa la Shemeji, mume wa dada yake Fundi. Alikuwa mng'arisha pete kwa sonara mwenye chumba hicho, na ufunguo bandia wa mlango wa nyuma alichongesha yeye. Fundi alikuwa amekataa mara mbili. Kisha dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamfuata na mimba yake kubwa. "Nimemsihi, hasikii la mwadhini wala la mteka maji," alisema. "Basi nenda naye. Nirudishie baba wa mwanangu." Fundi hakujua kumnyima dada yake kitu. Ndicho kilichomleta, na mali ya sonara hakuiwaza kabisa.

SAA SABA MCHANA

Duka lilifungwa kwa chakula. Mlinzi alikuwa barabarani mbele, sikio kwenye redio, akifuatilia mechi. Watatu waliingia kwa nyuma kama wenye kwao.

Kipara alishusha swichi kuu, akaipandisha. Kompyuta ikaamka. Menyu ikatokea na Fundi akaiwahi. Alishuka hadi mstari unaoita kiini cha mfumo, akaongeza neno lake mwishoni, akairuhusu iwake. Skrini ikawa nyeusi. Akaandika amri, akashikilia kitufe. Komeo likasogea.

"Ndani," Kipara alisema.

Shemeji aliingia, akatoa mikoba miwili iliyojaa, akaiweka miguuni pa Kipara na kurudi ndani mbio. Kipara aliinama sikioni mwa Fundi.

"Mume wa dada yako ana mdomo mwepesi. Akibanwa kidogo tu, atatutaja wote. Humo hewa haingii, na hawafungui hadi jioni. Achia."

"Hapana."

Bastola ilitoka. "Achia, nimesema."

"Nipige basi."

Kipara hakumpiga. Alinyoosha mkono, akabana swichi ya kompyuta hadi ikazimika. Mlango ukajifunga kwa kishindo. Akaiwasha tena. Menyu ilipotokea Fundi aliirukia kibodi, Kipara akamvuta kwa ukosi na kumshikilia mpaka menyu ikapita.

"Umesema mwenyewe, inarudi ilivyokuwa. Watakuta mlango mzima na maiti ya mwizi wao ndani."

Nusu ya maelezo Kipara alikuwa ameisikia vizuri. Nusu nyingine alikuwa anajikuna kidevu. Programu iliamka, ikahisi mtu anatembea chumbani, na king'ora kikapasua mtaa.

Kipara alitukana, akabeba mikoba na kutokomea. Mlango wa nyuma aliuacha wazi. Fundi angeweza kumfuata. Alitaka, jamani, miguu yote ilitaka. Lakini nyuma ya chuma ngumi zilikuwa zinagonga.

"Shemeji! Usiniache, shemeji!"

Aliketi. Akazima, akawasha. Alichelewa kubonyeza, menyu ikampita. Akazima, akawasha. Safari hii aliidaka. Mstari, neno, amri, kitufe. Mlango ukafunguka.

"Toka! Kimbia!"

Shemeji alisimama kizingitini, jasho likimtiririka. Alitazama mlango wa nyuma. Kisha akageuka kutazama rafu za dhahabu.

"Dakika moja tu," alisema, akarudi ndani.

"Acha! Nakuomba, acha!"

Viatu vizito vilisikika ukumbini. Askari akatokea na bunduki.

"Mikono juu!"

Fundi aliinua wa kushoto. "Huu siwezi, afande. Nikiachia, mlango unamfungia ndugu yangu."

"Mikono juu!"

Alijua anavyoonekana, mwizi aliyeficha mkono nyuma ya skrini. Aliogopa hadi machozi yakamtoka. Hakuachia.

Risasi ilimpata begani. Alilalia meza, kidole kikabaki palepale.

Shemeji alitoka akiwa amekumbatia mkoba. Alipoona bunduki aliudondosha, akanyoosha mikono kabla hajaambiwa.

"Usipige, afande! Mimi ni mfanyakazi wa hapa! Wameniingiza humo kwa nguvu!"

"Huyu unamjua?"

Shemeji alimtazama Fundi, na damu iliyokuwa ikishuka mkononi hadi kwenye kibodi.

"Simjui," alisema. "Sijawahi kumwona."

Fundi akaachia kitufe.