Damu ya Chepkurui

Jumanne asubuhi, Agosti 1997, Irungu, dereva wa kituo cha utafiti karibu na Kiptere, alifungua maabara akamkuta Daktari Eugene Gichana amelala kifudifudi sakafuni. Mwili ulikuwa umeshapoa.

Mezani kulikuwa na kikombe cha mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu kilichofukizwa, nusu kimenywewa. Inspekta Chepyegon alikinusa. Chini ya moshi wa kibuyu kulikuwa na harufu nyingine aliyoijua tangu utotoni: dawa ya kupe, sumu ya kuogeshea ng'ombe.

Kisha akaona friji kubwa ya kugandisha. Mlango wake haukuwa umefungwa vizuri. Ndani kulikuwa na mamia ya chupa ndogo za damu zilizopangwa kwenye visanduku, za familia ambazo saratani ya koo ilikuwa ikizimaliza, baba kwa mwana. Daktari alikuwa akitafuta ndani ya damu hiyo kitu ambacho huenda watoto walikirithi. Karibu visanduku vyote vilikuwa vimeganda barafu juu, havijaguswa. Kimoja tu kilikuwa kimefunguliwa, na chupa sita hazikuwemo.

"Zilikuwa za nani?"

"Sijui, afande," Irungu alijibu. "Hazina majina, ni namba tu. Wenye kuzijua ni daktari na Sista Janeffer tu."

Sista Janeffer Chelimo, muuguzi aliyetoa damu hizo bomani, alifika mkono wa kulia ukiwa umefungwa bendeji. Alisema mafuta ya kukaangia yalimrukia. Alitazama kisanduku mara moja.

"Ni za boma la Mzee Noah. Lakini yeye si mtu wa kuua."

Noah Kipngetich alikuwa akikamua ng'ombe. Hakusimama.

"Mzee, watu wanasema kwenye mazishi ya binti yako ulisema utamuua daktari."

"Nilisema. Tena kwa panga, mchana, watu wakiona. Mwenye alinitangulia amenidhulumu."

"Alikukosea nini?"

"Binti yangu Chepkurui alikuwa amechumbiwa. Daktari akaenda kwa rafiki yake, baba ya huyo kijana, akamwambia damu ya huyu msichana iko na saratani. Uchumba ukavunjika. Chepkurui akakunywa dawa ya kupe hapo ghalani." Aliendelea kukamua. "Nilimwambia daktari, basi nirudishie damu yake nizike. Akasema ni mali ya utafiti."

"Chupa zenu zilikuwa namba gani?"

Mzee aligeuka. "Damu yetu iko na namba?"

Chepyegon alirudi Kiptere bila kumkamata. Alimkuta Janeffer peke yake maabarani, akapanga viti viwili.

"Sista, mursik yenye sumu mtu yeyote angeweza kuleta. Lakini aliyechukua zile chupa hakutafuta. Alijua namba, akafungua kisanduku kimoja tu kati ya vyote. Fungua bendeji."

"Nimesema ni mafuta."

"Fungua."

Alifungua. Ngozi ilikuwa imebanduka kwenye ncha za vidole vitatu, basi.

"Mafuta yakiruka hupiga nyuma ya mkono," inspekta alisema. "Hii ni barafu ya friji hiyo. Inachoma kama moto. Glavu za hapa ni nene sana, haziwezi kushika kitu kidogo hivyo. Ulishika kwa mkono mtupu."

Janeffer hakulia.

"Chepkurui alikuwa anaogopa sindano," alisema. "Mimi ndiye nilimwambia anyooshe mkono. Nilimwambia kwa lugha yetu, Kipsigis, mama yake akisikia, kwamba siri haitatoka hapa. Baada ya mazishi nikamuuliza daktari kwa nini. Unajua alisema nini? Kwamba hata hakuwa na uhakika. Ilikuwa kudhania tu! Akaniuliza kama kuna chai."

"Ukamletea mursik."

"Aliipenda. Nilitaka aonje kile msichana alionja. Nilikaa kwa hicho kiti ulichokalia, nikamtazama mpaka mwisho."

"Unajuta?"

"Alikufa haraka. Hiyo ndiyo najutia."

Chupa zilipatikana nyumbani kwake, ndani ya kopo la majani chai. Alikuwa anangoja Jumapili azipeleke kaburini.

Jioni Mzee Noah alifika kituo cha polisi, kofia mkononi. Alikuwa amesikia.

"Nimekuja kuchukua damu ya mtoto wangu."

"Ni ushahidi, mzee," Chepyegon alisema. "Lazima ikae hadi kesi iishe."

"Ikae wapi?"

"Mahali pa baridi. Isiharibike."

Mzee alivaa kofia yake.

"Kwa hivyo hata nyinyi," alisema, "mtaiweka kwa friji."