Betri Mbili za Mwanahija

Risasi ya kwanza ilipita juu ya boti ikaenda zake baharini. Ya pili ilitoboa dumu la petroli. Ya tatu ilimwingia Ghalib kwenye paja la kushoto, naye akakaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba amechoka, mkono mmoja bado umeshika mashine.

"Lala chini, Mama Umi," alisema. "Na huyo mwenzako mlaze."

Mwanahija alilala. Hata pale, uso umebanwa kwenye maji ya ndani ya boti yanayonuka samaki, na watu wenye bunduki wakipiga kutoka ufukwe wa Chovae, alisikia vizuri kwamba alikuwa ametajwa wa kwanza. Akalitia moyoni.

Wale watu walikuwa wamekuja alfajiri kukusanya boti zote zenye mashine. Ulikuwa mwaka ule ambao Kismayo ilibadilisha wenyewe mara tatu, na kila mwenye mji mpya alitaka boti za Wabajuni. Ghalib hakutaka kutoa yake. Aliwapakia wake zake wawili, Mwanahija, aliyeitwa Mama Umi kwa binti yake aliyeolewa mbali, na Zakiya, na jirani mmoja, Ishaq, fundi wa simu aliyekimbia Kismayo na mfuko wake wa bisibisi, akashika njia ya Kiunga, ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Ni safari ya kwenda na kufika kwa mwenye petroli. Petroli yao ilikuwa nyuma yao, inaelea juu ya maji, inameremeta kama shingo ya njiwa.

Ishaq aliziba tundu la dumu kwa kipande cha sabuni, lakini kilichobaki ndani kilikuwa cha kusuuzia. Pwani ilipogeuka uzi, Ghalib aliizima mashine.

"Hii iliyobaki ni ya kuingilia nchi kavu tu," alisema. "Tundikeni turubai kwenye kasia."

Wakatundika. Upepo wa kaskazini ukalishika turubai, boti ikaanza kujikokota kuelekea kusini. Zakiya alivua leso yake akalifunga lile paja. Mwanahija akaitazama ile leso ilivyokaa vizuri, akavua na yake, akaifunga juu ya ya kwanza, akaikaza mpaka mgonjwa akauma meno.

"Sikilizeni," alisema Ghalib, na jasho linamtiririka. "Pwani yote hii mpaka mpakani ina bunduki. Burgao zipo, na mbele ya Burgao zipo. Kwa macho hutaona tofauti, mchanga ni ule ule. Zakiya, tazama jipiesi. Mkivuka ule mstari mweusi wa mpaka, ingieni. Kabla ya mstari, mtu asiguse nchi kavu hata kiu imuue."

Zakiya, tazama jipiesi. Hilo nalo Mwanahija alilisikia vizuri.

Jipiesi kilikuwa kidude cha manjano, cha kutosha kiganja, kinachosemezana na setilaiti na kumwonyesha mtu alipo hata akiwa ndani ya ukungu. Ghalib alikinunua kwa wavuvi wa kamba, na kwa kuwa Zakiya alikuwa amefika darasa la saba, akamvisha shingoni kwa uzi wa mshipi, kama kidani. Mwanahija alipewa redio.

Chovae, mume wa wake wawili akinunua leso hununua mbili za rangi moja. Akileta samaki changu mmoja humpasua katikati, na kichwa nacho hukipasua, kila mke apate jicho lake. Ghalib alikuwa mtu wa haki kwa hayo yote, mpaka kilipoingia kile kidude.

"Mimi kanipa kitu cha kunisimulia habari za Mogadishu," Mwanahija aliwahi kumwambia dada yake. "Yeye kampa mbingu."

Jua liliposhuka, Ghalib alikuwa ameshachukuliwa na homa. Mwanahija akanyoosha mkono kwa Zakiya.

"Lete."

"Nini, dada?"

"Zamu yangu. Magharibi mpaka Magharibi. Mume ni zamu, jiko ni zamu, na hicho ni zamu."

Zakiya akamgeukia Ishaq. Ishaq akajishughulisha na mfuko wake.

"Mimi ni fundi wa simu," alisema. "Mambo ya wake wenza yana kadhi wake."

"Una mke, wewe?" Mwanahija akamwuliza.

"Ninaye. Mmoja."

"Basi huna unalolijua."

Zakiya alikivua kile kidude. "Ukishatazama kizime, dada. Kikizimwa kinadumu."

Angelisema jambo jingine lolote lile. Lakini kizime, kutoka kwa mtoto wa juzi, mbele ya mtu baki? Mwanahija hakukizima. Na kwa kweli, kikizimwa kilikuwa plastiki tu. Kikiwaka kilimmulika kidevu, na aliyekaa upande wa pili wa boti hakuweza kukosa kukiona. Maandishi yake hakuyajua vizuri, ila alikijua kile kishale kidogo katikati, kwamba ndio wao. Alilala nacho juu ya kifua, kinawaka.

Kulipokucha kilikuwa cheusi.

Zakiya alikikodolea macho tu, kisha akamkodolea mumewe, ambaye paja lake lilikuwa limevimba mpaka leso mbili hazikumtosha, na linaanza kunuka.

Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya maji kama maziwa. Hakukuwa na pwani wala kusini.

"Wewe fundi huna chochote?" Mwanahija akauliza.

Ishaq akatoa simu pana, yote kioo. "Hii ina setilaiti na ramani zake. Bei yake ng'ombe na ndama."

"Iwashe."

"Imekufa tangu jana."

"Itie betri nyingine."

"Haifunguki, Mama Umi. Walioitengeneza wameigundisha pande zote. Betri ikichoka wanataka ununue nyingine nzima."

Mwanahija akacheka, midomo imepasuka kwa chumvi. "Fundi anayebeba kitu kisichofunguka. Wateja wako wanajua?"

"Cheka tu. Mimi ningekuwa na kauli, kila kidude cha mkononi kingetiwa setilaiti, na kila kimoja kingefunguka kwa bisibisi. Betri ubadilishe, na likija jambo jipya uliongeze, si kutupa. Ndugu zetu wangapi wamepotelea huku na simu mfukoni?"

"Setilaiti ndani ya kila simu," alisema Zakiya polepole, "na wale wa jana nao wangekuwa nazo. Wangetufuata mpaka hapa."

"Wanazo tayari, dada yangu. Ni sisi tusio nazo."

"Mimi naona kila kitu kiwe na kazi yake," Mwanahija akasema. "Simu ipige, redio iseme, na bahari aijue mume."

Mume mwenyewe alikuwa anazungumza na turubai.

Ishaq alikuwa amekichukua kile kidude cha manjano. Akakigeuza, akabonyeza kwa ukucha, kifuniko kikatoka. "Hiki kinafunguka, alhamdulillahi. Betri mbili ndogo, hizi za kawaida." Kisha akalitazama furushi la Mwanahija. "Redio yako si inatumia hizi hizi?"

"Zimekwisha."

"Juzi si ilikuwa ikisoma taarifa?"

"Ndiyo iliyozimaliza. Taarifa ilikuwa ndefu."

Zilikuwa nzima. Alizitia mpya mwanzo wa wiki, na alikuwa ameifunga redio ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya leso, ndani ya furushi. Aliikalia sasa, akaihisi kwenye nyonga. Ghalib akipona kwa kile kidude, atakuwa amepona kwa Zakiya. Kila mgeni atakayekuja nyumbani atasimuliwa, na yeye Mwanahija ataleta kahawa. Alijua hilo ni jambo dogo mbele ya mtu anayekufa. Hakuweza kulinyanyua.

Maji yalikuwa yamebaki chini ya chupa. Wakapimiana kwa kifuniko. Zakiya akakimimina chake kinywani mwa Ghalib. Mwanahija akaona, naye akamimina chake. Zamu iliyofuata Zakiya akatoa tena, na Mwanahija akatoa tena, macho kwa macho, mate hayapo.

"Mtakufa nyinyi kwanza," alisema Ishaq, "halafu mimi na mgonjwa tutabaki bila hata mtu wa kutuzika."

Jua lilipopanda, ukungu ukapasuka upande mmoja. Mchanga. Mstari mrefu wa mchanga, vichaka juu yake, na mawimbi yanavunjika meupe kwenye mwamba.

"Kiunga," alisema Mwanahija.

"Una hakika, dada?"

Hakuwa na hakika hata ya kujaza kile kifuniko. "Nilipita hapa na marehemu baba. Naujua mchanga wa kwetu na wa watu. Hatuhitaji vidude."

Ishaq alitaka kuamini. Mtu mwenye kiu huamini haraka. Akashusha turubai, akachukua kasia moja, Zakiya akachukua la pili, wakaanza kuvuta. Mwanahija alishika kichwa cha Ghalib mapajani. Kilikuwa cha moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Mstari wa mchanga ukanenepa. Sauti ya mwamba ikaanza kusikika.

Ghalib akafumbua macho, akatazama juu bila kuona. Midomo ikachezacheza. Anataka kuita mtu. Makasia yakasimama. Mwanahija akainama, na Zakiya akaacha kasia akatambaa mpaka pale, vichwa viwili vinagusana juu ya mdomo mmoja, kila mmoja anangoja jina lake.

"Mama," alisema Ghalib. "Mama, nipe maji."

Wakatazamana.

Bi Barke, mama yake Ghalib, alikuwa na miaka tisa kaburini. Akiwa hai aliwala wote wawili vichwa: wa kwanza hajui kupika, wa pili hajui kufua. Na hata sasa ndiye aliyetangulia.

Zakiya ndiye aliyeanza, kwa pua tu. Kisha Mwanahija. Wakacheka kicheko kikavu kisicho na sauti, mabega yanatetemeka, na Ishaq akawatazama akidhani kiu imeshawafikia akilini. Kilipokatika, Mwanahija aliona uso wa Zakiya kwa karibu: ngozi imebambuka puani, macho yameingia ndani. Ulikuwa uso wa mtu ambaye hakunywa tangu jana. Ulikuwa uso wake mwenyewe.

Akavuta furushi. Akafungua leso, akafungua plastiki, akafungua mgongo wa redio.

"Jaribuni hizi," alisema, anatazama pembeni. "Labda zimepata nguvu kwa hili jua."

"Labda," alisema Zakiya. Hakuongeza kitu, na Mwanahija hakusahau kwamba hakuongeza.

Ishaq akazitia. Kidude kikalia mara moja, kikakaa kitambo kinazitafuta setilaiti zake. Zakiya akakifunika kwa viganja asizuiwe na jua. Walipoliona lile jibu usoni mwake, hawakuhitaji kuuliza.

"Mstari bado. Uko kule mbele. Hapa si Kiunga."

Mwanahija akainua macho kwenye mchanga wa kwetu. Gari lilikuwa limetokea juu ya kilima, dogo, la wazi nyuma, na watu wamesimama ndani yake. Mmoja aliinua mkono, kama anayewakaribisha. Katika mkono ule palikuwa na kitu kirefu.

"Mashine," alisema Mwanahija.

Ishaq akavuta kamba. Haikushika. Akavuta tena. Risasi zikaanza kudona maji, mbali, kisha karibu. Mwanahija aliacha kichwa cha mumewe, akalivamia dumu, akaing'oa sabuni ili hewa iingie, akalisimamisha pembeni ili tone la mwisho literemke kwenye mpira wa mashine. Mashine ikakohoa, ikashika. Akaushika usukani yeye, kwa kuwa Ishaq alikuwa amejilaza chini kukwepa risasi, na hakuna aliyemwambia ni zamu ya nani.

"Kulia kidogo," Zakiya akaita, macho kwenye kidude. "Nyoosha. Nyoosha, dada."

"Nimenyoosha. Wewe soma, usihutubu."

Petroli ilikwisha wakiwa nje ya mlio wa risasi. Turubai likapanda tena. Zakiya alikizima kidude, na kila walipodhani wamekwenda vya kutosha alikiwasha, akasoma, akakizima. Mwanahija hakukigusa. Alishika usukani mpaka viganja vikatoka malengelenge, na alipoambiwa kulia alikwenda kulia. Waligawana kifuniko cha mwisho watu watatu, na kilichobaki chini ya chupa walimlowesha Ghalib midomo.

"Sasa," alisema Zakiya. "Tumevuka."

Hakuna kilichobadilika. Bahari ile ile na mchanga ule ule. Waliingia mlango wa mwamba kwa kusukumwa na wimbi, boti inakwenda mbavu mbavu, Ishaq anasukuma mawe kwa kasia, na wavuvi wa Kiunga wakajitupa majini kuwapokea, wakiwauliza kwa Kibajuni ni wana wa nani.

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja na benchi nje, walipokalishwa watatu na vikombe vya chai. Mwuguzi alitoka akifuta mikono. Risasi imetoka, alisema. Mguu utabaki, ila atakuwa anauburuza. Wangechelewa kidogo tu wangekuwa na kazi nyingine.

"Ameamka. Lakini amechoka, aingie mmoja tu. Mkewe ni nani?"

Zakiya alikuwa ameshainuka nusu. Akakaa tena, mikono mapajani, akatazama chini.

Mwanahija alikuwa na jibu la swali hilo tayari tangu siku Zakiya alipoletwa nyumbani. Lilikuwa kinywani. Akalimeza pamoja na chai.

"Huyu," alisema. "Nenda, Zakiya. Mimi nikimwona nitamgombeza, na huyu bwana kasema mgonjwa asisumbuliwe."

Mlango ukafungwa. Mwanahija alimalizia chai yake, akamsogezea Ishaq kikombe kitupu, kisha akahamia mwisho wa benchi, upande wa dirisha, ambako mtu akitulia aliweza kusikia kila neno.