Ukuta Uliong'aa Kupita Kiasi

Siku ya kufungua shule, Mama Usafi alifika wa kwanza. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Wenzake wa darasa la sita walimbandika kwa sababu, walisema, ukisimama karibu naye kwa muda mrefu atakupangusa. Likizo yote alikuwa kwa bibi yake, na sasa mikono ilimwasha kwa hamu ya kazi.

Alichokiona kwenye ukuta wa shule, upande wa barabarani, kilimkera. Ukuta mweupe ulikuwa umejaa mistari ya mkaa, mwanzo hadi mwisho.

"Watu hawana haya," alinung'unika.

Hakumuuliza mtu. Alichota maji, akatafuta tambara, akasugua mpaka jasho likamtoka. Kengele ilipolia ukuta uling'aa, naye akaenda mstarini akijiona shujaa.

Wakati wa mapumziko walisikia makelele barabarani. Wanafunzi wakatoka mbio. Mwanamke aliyevaa ovaroli yenye madoa ya rangi alikuwa amesimama mbele ya ukuta, mikono kichwani. Alikuwa mchoraji. Likizo nzima aliwauliza wapita njia wanataka kuona nini pale, akawachorea papo hapo kwa mkaa. Siku hiyo ndiyo aliyopanga kuanza kupaka rangi.

"Sikuchora kwenye karatasi hata kidogo," alisema. "Picha hii ilitoka vinywani mwa watu."

Mwalimu mkuu alimgeukia bawabu. "Mzee, ulikuwa umelala?"

"Sikulala, mwalimu. Nilikuwa nyuma, nafungua madarasa."

"Kwa hiyo ukuta umejiosha wenyewe? Basi leo mimi na wewe tutaachana."

Mama Usafi alimtazama mzee. Kusema ni aibu, na shule nzima ilikuwa pale. Kunyamaza, mzee wa watu angefukuzwa kazi kwa kosa lisilo lake. Alijipenyeza mpaka mbele.

"Ni mimi, mwalimu. Nilidhani ni uchafu, nikausafisha."

Kabla mwalimu hajajibu, mama mzazi wa Mama Usafi, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, alifika na futi yake shingoni. "Uchafu? Cherehani yangu ndiyo uchafu? Ilikuwa hapa hapa!"

"Hapo palikuwa na baiskeli yangu," fundi baiskeli alidakia. "Cherehani ilikuwa kule mwisho."

"Kule mwisho palikuwa na watoto wanaoruka kamba. Una macho wewe?"

Watu walizidi kujaa, kila mmoja akionyesha mahali pake kwa kidole. Mchoraji aliteremsha mikono kutoka kichwani. Macho yake yalianza kucheka. Alitoa kipande cha mkaa mfukoni, akampa Mama Usafi.

"Aliyefuta ndiye atakayechora. Wao watasema, mimi nitakurekebisha."

Ikawa shangwe. Mwalimu mkuu akaruhusu kipindi cha sanaa kifanyike barabarani. Mama Usafi alichora pedali, wakambishia, akafuta, akachora tena. Mkaa ulimjaa mpaka puani, na kwa mara ya kwanza hakujali. Furaha ilimjaa hadi akasahau njaa.

Kisha akamwona bawabu amesimama peke yake getini.

"Babu, wewe uliomba nini?"

"Hakuna aliyeniuliza, mjukuu wangu." Mzee alifikiri kidogo. "Nichore nimekaa. Miaka yote nasimama. Lakini macho yawe wazi, mwalimu mkuu ayaone."

Watu walivunjika mbavu. Mwalimu mkuu naye alicheka, kisha akamshika mzee mkono na kumwomba radhi mbele ya wote.

Jioni, picha ilipokamilika, mchoraji alimkalisha Mama Usafi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Ukuta wa njiani ni mali ya kila anayeutazama," alimwambia. "Kuuliza si ujinga. Ungeuliza, usingefuta. Lakini picha tumeirudisha kwa siku moja. Ungenyamaza, jina la mzee bawabu tungelirudishaje?"

"Nimeelewa, dada."

Kesho yake kazi ya rangi ilianza. Chini ya kiti cha bawabu, Mama Usafi aliona tone dogo la buluu. Tambara lilikuwa tayari mkononi. Alilisogeza karibu, akasita.

"Dada, hili ni doa au ni picha?"

Mchoraji aliinama akalitazama kwa makini.

"Hilo ni doa, mwanangu. Pangusa."